Betri Imechoka, au Inasingiziwa?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi simu, mawakala wa fedha na waendesha bodaboda waliokusanyika Mtwara mjini. Yamewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani imeachwa.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Mafundi wa Soko Kuu, wa Chuno, wa Mikindani, nawaona. Akina mama mawakala, asanteni kwa kufunga vibanda asubuhi hii, najua kila saa kwenu ni kamisheni. Na ndugu zetu mliotoka Newala na Tandahimba mkiwa bado na vumbi la salfa ya mikorosho kwenye kola, karibuni sana.

Naanza na swali. Simu ikizima yenyewe, nani anashtakiwa? Betri. Isipofika jioni? Betri. Ikikesha kwenye chaji na asubuhi haijajaa? Betri. Sasa simu ikiwa nzito, ukibonyeza inaganda kwanza ndipo ifunguke, nani anashtakiwa? Hapo betri haitajwi kabisa. Tunaambiwa futa picha, futa mafaili, kaflashi simu, yaani programu yake iwekwe upya. Ndugu zangu, mara nyingi katika kesi hizi nne tunamfunga asiye na kosa na mwenye kosa tunamwachia. Ndiyo maana nimeomba muda wenu. Tujifunze kupima kwanza, tufungue simu baadaye.

Chukueni kijana wa bodaboda pale stendi ya Masasi. Simu yake inaonyesha asilimia 32. Abiria anapiga, kijana anapokea, simu inazima. Anachomeka chaja, inawaka, na inaonyesha bado ina 30. Anapiga picha usiku kwa flashi, inazima tena. Ameflashi mara mbili na amelipa mara mbili, lakini ugonjwa uko palepale. Kwa nini?

Kwa sababu chaji ipo, ila haitoki. Ndani ya betri kuna ukinzani, yaani kizuizi cha umeme. Betri mpya ina ukinzani mdogo. Kadiri inavyozeeka, tabaka linalojijenga ndani yake linakuwa nene na ukinzani unapanda. Simu ikiwa imetulia inakula umeme kidogo, kwa hiyo volti inasimama vizuri. Ukiwasha kamera, ukapiga simu mahali mtandao ni hafifu, au programu nzito ikafunguka, simu inadai umeme mwingi kwa mpigo mmoja. Hapo volti inaanguka ghafla, bodi inadhani betri imekwisha, inajizima ili ijilinde. Huyo kijana hakuhitaji kuflashi. Alihitaji betri.

Na ile simu nzito? Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri hadharani kwamba programu yake ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizime ghafla kama simu ya kijana wetu. Watu walikasirika, maana walikuwa wamebadilisha simu nzima wakati dawa ilikuwa betri. Mwisho wa mwezi huohuo Apple wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29, na mwezi Machi 2018, kwenye iOS 11.3, toleo la programu inayoendesha iPhone, wakaweka ukurasa wa afya ya betri. Ukurasa ule mnaoukagua mnaponunua iPhone ya mkononi ulizaliwa na ugomvi huo.

Sasa geuzeni shilingi. Kuna mama wakala ambaye simu yake ilikuwa inachomekwa saa mbili usiku, alfajiri iko asilimia 60. Amebadilisha betri, hakuna nafuu. Amebadilisha ya pili, hakuna nafuu. Siku alipokutana na fundi mwenye mita ndogo ya USB, ile inayokaa katikati ya kichwa cha chaja na waya, ilionekana simu inapokea ampea 0.3 tu, wakati ilipaswa kupokea moja na nusu hadi mbili. Tundu la chaji lilikuwa limeshindiliwa nyuzi za mfukoni na vumbi, na pini zimeota kutu ya kijani. Sisi tunaishi pwani, jamani. Hewa ya chumvi na jasho hazina huruma na tundu la chaji. Simu ikazimwa, tundu likachokonolewa kwa kijiti cha mti, wala si pini ya chuma, likapigwa mswaki uliolowa spiriti kidogo, na waya mwembamba ukatupwa. Betri mbili zilizotangulia zilihukumiwa bure.

Kwa hiyo kabla hujasema betri mbovu, badilisha waya, badilisha kichwa cha chaja, safisha tundu. Hiyo ni kazi ya dakika kumi. Bado tatizo? Haya, sasa tuipime betri yenyewe.

Wenye iPhone mna njia rahisi: mipangilio, betri, afya ya betri. Utaona asilimia ya uwezo uliobaki ukilinganisha na ilipokuwa mpya. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Mzunguko ni nini? Si kila unapochomeka. Ni pale jumla ya ulichotumia inapofika asilimia 100. Ukitumia 50 leo na 50 kesho, huo ni mzunguko mmoja. Anayemaliza betri nzima kila siku anafika 500 kwa mwaka mmoja na miezi minne hivi. Hesabuni wenyewe simu zenu zina umri gani.

Wenye Android, ambao ndio wengi humu, kuna mtego. Mnabonyeza ile *#*#4636#*#*, kwenye simu zinazoikubali inafunguka, mnaona pameandikwa hali ya betri ni nzuri, mnaondoka mkifurahi. Neno hilo halisemi chochote kuhusu uwezo uliobaki. Linasema tu kwamba muda huo betri haijapata joto kupita kiasi, volti haijazidi na haijafa kabisa. Betri iliyobaki na nusu ya uwezo wake inaweza kuandikwa nzuri hapo kila siku. Msidanganyike. Wa Samsung jaribuni sehemu ya uchunguzi ndani ya programu ya Samsung Members. Wengine pakueni programu ya AccuBattery, lakini muipe muda: inahesabu umeme unaoingia kila unapochaji, kwa hiyo mchajisho mmoja hautoshi. Chaji kuanzia kama 15 hadi 100, mara kadhaa, ndipo uamini namba yake.

Mafundi, na ninyi mna mtego wenu. Unatoa betri, unaweka mita, unasoma volti 4.2, unamwambia mteja betri nzima. Volti inakuambia betri imejaa au haijajaa. Haikuambii ndani yake kuna kiasi gani. Betri iliyochoka kabisa ukiichaji inaweza kusoma 4.2 pale mezani, ukiipa mzigo inaanguka.

Kipimo cha kuaminika kwa fundi asiye na mashine ya bei kubwa ni ileile mita ya USB. Nitakwenda polepole hapa. Soma kwenye betri uwezo na volti ya kawaida, tuseme 5,000 mAh, yaani miliampea-saa, na volti 3.85. Zidisha, gawanya kwa 1,000: unapata Wh 19.25, yaani wati-saa. Hiyo ndiyo nishati ya betri ikiwa mpya. Tumia simu mpaka izime yenyewe. Ichaji ikiwa imezimwa kupitia mita mpaka ijae. Usisome mAh za mita, maana chaja za kasi hubadilisha volti katikati ya safari na hesabu inaharibika. Soma Wh. Tuseme imesoma 15. Sehemu ya umeme hupotea kama joto njiani, kwa hiyo zidisha kwa 0.85: unapata 12.75. Gawanya kwa 19.25. Ni asilimia 66. Hiyo 0.85 ni makadirio, inaweza kucheza kidogo, lakini 66 haiwezi kugeuka kuwa 90. Mteja akiona hesabu hiyo kwenye karatasi habishani na wewe.

Hukumu ni hii. Juu ya 85, iache betri, tafuta tatizo kwingine: mtandao hafifu, mwanga wa kioo, programu zinazokimbia nyuma. Kati ya 80 na 85, angalia dalili. Chini ya 80 na simu inazima au haifiki jioni, badilisha. Na kuna dalili moja isiyosubiri asilimia yoyote: kuvimba.

Kioo kimenyanyuka pembeni? Kava la nyuma limeacha mwanya? Ilaze simu juu ya meza ya kioo uisukume kwa kidole. Ikizunguka kama pia, mgongo umeshapata tumbo. Lile tumbo ni gesi, kimiminika cha ndani kimeoza. Kuna watu wanakibana kioo kwa mpira wa pesa wakaendelea kuchaji. Nawaomba, zima simu hiyo leo. Usiichaji. Na fundi anayetoboa betri kwa sindano ili atoe upepo, jamani, anatoboa mfuko wenye vitu vinavyoshika moto.

Sasa kununua. Humu ndani nani hana kiswaswadu nyumbani? Wengi wa viswaswadu hivyo, na redio ndogo tunazosikilizia mpira, zinatumia betri ya BL-5C. Ya Nokia imeandikwa 1,020 mAh. Mzee mmoja wa korosho baada ya kulipwa za mnada akauziwa BL-5C iliyoandikwa 5,800 mAh, umbo lilelile, unene uleule. Akasema nimepata ya kwenda wiki tatu. Haikumaliza hata siku zile za zamani. Wazee wangu, ndani ya umbo lile haingii hiyo 5,800, hata aitengeneze nani. Uwezo unahitaji nafasi na uzito. Ukiona namba mara tano ya ile ya kiwandani kwenye umbo lilelile, aliyeandika hakupima, amechapisha tu. Ukiwa na mizani ndogo ya dhahabu, pima betri ya zamani na mpya. Nyepesi sana iache palepale kaunta.

Wala msifikiri ya kiwandani haina kasoro. Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba BL-5C zipatazo milioni 46, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata joto kali wakati wa kuchaji, na wenye nazo wakaruhusiwa kubadilishiwa bure. Ikiwa kiwanda kikubwa kilipata shida hiyo, ya kopi isiyo na jina la mtengenezaji nani ataitangaza?

Kwa simu janja, msinunue betri kwa jina la simu. Nunueni kwa namba ya betri, ile mchanganyiko wa herufi na tarakimu iliyochapishwa mgongoni mwake. Simu mbili zenye jina linalokaribiana zinaweza kuwa na betri za soketi tofauti. Linganisha soketi, urefu wa fleksi (ule utepe mwembamba wa waya), unene, na volti ya mwisho ya kuchajia: ya 4.2 na ya 4.4 si kitu kimoja, na ya 4.2 ikilazimishwa kwenye simu inayochaji hadi 4.4 inajazwa kupita uwezo wake. Angalia tarehe ya kutengenezwa pia. Betri inazeeka hata ikiwa ndani ya boksi, kwa hiyo iliyokaa rafuni miaka miwili au mitatu kwenye duka la mabati la Mtwara mimi siwezi kuiita mpya, hata kama nailoni haijachanwa.

Haya, tufungue simu. Hapa nataka mafundi wanafunzi wasogee mbele.

Kuna kijana fundi aliyepokea simu ikiwa na chaji 70. Hakuipunguza. Akafungua, akakuta betri imegandishwa kwa gundi, akachukua bisibisi bapa akaiingiza chini yake, akabinua. Ncha ikatoboa. Kwanza kulisikika sauti ya msii, kisha moshi mweupe, kisha moto, na kwa sababu betri ilikuwa na chaji nyingi, moto ulikuwa na cha kula. Kila kosa katika kisa hicho lina dawa yake.

Kwanza kabisa, mwambie mteja au wewe mwenyewe shusha chaji iwe chini ya 25. Zima simu. Toa laini na kadi. Pasha kingo za kava la nyuma kwa bloa ya hewa moto, nyuzi 70 hadi 80, ukiizungusha bila kusimama sehemu moja, dakika moja au mbili, kisha vuta kwa kibanio cha kunyonya mpaka mwanya utokee. Ingiza kipande chembamba cha plastiki, milimita chache tu, tembea nacho ukingoni. Simu zenye kitambua alama ya kidole mgongoni zina fleksi inayounganisha kava na bodi. Ukivuta kwa pupa unaikata, na deni limeshakuwa lako.

Skrubu zipange juu ya karatasi kwa ramani uliyoichora. Hili si la mapambo. Kwenye iPhone hasa, skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inachimba bodi na kukata njia za umeme ndani yake. Kisha, kabla hujagusa kitu kingine chochote, chomoa soketi ya betri kwa plastiki. Soketi ya betri kwanza, soketi ya betri kwanza! Ukichomoa ya kioo wakati umeme upo, unaweza kuunguza mstari wa mwanga wa kioo, ukaanza kumwambia mteja kioo kilikuja hivyo.

Betri zenye ulimi wa kuvuta, vuta polepole ukiwa umelaza mkono, usivute kwenda juu. Ulimi ukikatika, au hakuna ulimi, dondosha matone machache ya spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea kwenye kingo, inamisha simu iingie chini, subiri dakika mbili tatu, kisha pitisha kadi ya plastiki. Ile spiriti ya asilimia 70 ya dukani ina maji mengi mno kwa kazi hii. Petroli na tina mnazijua mnakozitumia, ziacheni hukohuko. Usiielekezee betri bloa moja kwa moja, usiikunje. Ikikunjika, hairudi kwenye simu tena hata kama ilikuwa nzima.

Betri mpya, iunganishe kabla ya kubandika gundi. Washa, chomeka chaja, ona inapanda, piga simu moja, washa kamera. Ikikubali, zima, chomoa, ndipo ubandike kwa gundi-tepu ya pande mbili, vipande viwili vyembamba. Usitumie supagluu, maana kuna fundi mwenzako atakayeitoa baada ya miaka miwili, na huenda ni wewe. Kava lirudishe kwa gundi ya B-7000, libane kwa vibanio, na mwambie mteja ukweli: gundi inahitaji siku nzima kukauka sawasawa, na simu iliyofunguliwa isihesabiwe tena kuwa inazuia maji. Wavuvi wa Msimbati na Mikindani, hilo ni lenu.

Mchajisho wa kwanza upeleke hadi 100 bila kukatiza, tumia hadi 10 au 15, chaji tena hadi juu. Kipimo cha asilimia ndani ya simu kinajifunza betri mpya hivyo. Wenye iPhone kuanzia XS na XR, mkiona ujumbe kwamba betri haikutambuliwa, msiruke na fundi. Simu hizo hutoa ujumbe huo pale betri isipotambulika kwa namba yake ya kiwandani, hata kama inafanya kazi vizuri.

Kuhusu joto nitasema kidogo, ingawa ndilo linaloua betri nyingi hapa kwetu. Apple wanashauri simu itumike kati ya nyuzi 0 na 35. Mtwara mchana wa Desemba, simu imefungwa kwenye usukani wa pikipiki, ramani imewaka, na chini kuna waya wa chaji, iko nyuzi ngapi? Na kule vijijini, mtu anaweka paneli juani na simu anailaza juu ya paneli ileile. Waya una mita moja, ndugu yangu. Paneli iache juani, simu ipeleke chini ya mkorosho. Inayokaa imejaa 100 huku ina joto ndiyo inayozeeka upesi kuliko zote. Na simu ya akiba inayowekwa sandukuni mpaka msimu mwingine, iwekwe ikiwa na 50. Ikikaa tupu kwa miezi mingi betri inashuka chini ya volti 2, shaba ya ndani inayeyuka, na anayeishtua kwa nguvu ili iamke anaweza kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Betri ya hivyo isishtuliwe. Itupwe.

Itupwe wapi? Si kwenye jalala linalochomwa moto. Ziba vituo vyake kwa selotepu, weka kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje ya kibanda, mbali na watoto. Ikijaa, wapeni wanaokusanya taka za kielektroniki kwa kibali. Betri ikianza kutoa moshi mezani, isukume nje kwa koleo au kipande cha bati, msivute ule moshi, una sumu. Mchanga unazuia moto usisambae, na maji mengi yanaipoza isiwake tena.

Hapo kushoto kuna meza tatu zenye mita za USB na bloa. Mwenye simu iliyo chini ya 25 aanze yeye, mwenye chaji nyingi awashe video akiwa anasubiri. Na mwenye kioo kilichonyanyuka asipange foleni, azime simu sasa hivi na aende moja kwa moja kwenye ndoo ya mchanga pale mlangoni, fundi yuko hapo anamsubiri.